Mzee asikatazwe kwenda kutazama ndege Uganda, ila ratiba iupime mwili wake kwanza

Mhariri,

Kila Disemba inapokaribia, walimu, wauguzi na makarani waliostaafu huku magharibi ya Kenya na kule Nakuru huanza kuulizia safari za kutazama ndege ng'ambo ya mpaka. Wengi wanataka kwenda peke yao, kwa kuwa ni wajane, au mwenzao wa nyumbani haoni sababu ya kuamka saa kumi na moja alfajiri kumfuata ndege. Majibu wanayopewa ni ya aina mbili, na yote yana kasoro. Watoto wao huwakataza moja kwa moja. Mawakala wa safari nao huwauzia mzunguko ule ule wanaowauzia vijana wa mbuga na misitu ya mbali: Murchison, Budongo, Kibale, Bwindi, kisha kurudi Kampala, kila baada ya usiku mmoja au miwili ni kufunga begi upya. Sisi tunaoifanya kazi hii ya kuongoza watazamaji ndege tunawaambia wazee hao waende. Ila wakae mahali pamoja, wafuate ndege wachache ambao huku kwetu hawapatikani, na macho, masikio, magoti na kibofu vipange ratiba kabla pesa haijaipanga.

Tuanze na ndege wenyewe, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege na Uganda vilevile, na upande huu wa magharibi tunashiriki nao wengi. Korongo taji, aliyeko kwenye bendera ya Uganda, unamwona Kitale na pale Saiwa bila kuvuka mpaka. Shorobo mkubwa wa buluu na hondohondo mweusi na mweupe wako msitu wa Kakamega. Gonoleki wa mafunjo, yule mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, yuko Dunga, dakika chache kutoka katikati ya jiji la Kisumu. Kumlipa mwongozaji wa Uganda akuonyeshe ndege hao ni hasara tupu.

Anayestahili nauli ni korongo-nyangumi, Balaeniceps rex, yule wa kijivu anayesimama kimo cha zaidi ya mita moja, mwenye mdomo mpana uliokaa kama kiatu cha mbao. Kenya huwezi kumtegemea. Akionekana ni kwa bahati. Ulimwenguni wote hukadiriwa kuwa wamebaki kati ya 5,000 na 8,000. Kinamasi cha Mabamba, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria magharibi ya Entebbe, ni mojawapo ya mahali rahisi zaidi kumpata, na kimelindwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kuhifadhi vinamasi, tangu 2006. Chakula anachokipenda ni kamongo, na watu wa Kisumu hawahitaji kuelezwa kamongo ni nani. Wa pili ni kasuku wa kijivu. Kakamega walikuwako, sasa wamebaki kama hadithi; Entebbe bado hupita juu ya miti asubuhi na jioni wakipiga kelele. Ukiongeza kwale wa Nahan wa msitu wa Mabira, aliye mgumu kuonekana kwa sababu hutembea chini gizani kati ya mizizi, orodha yako ya safari imejaa. Mambo ya Bwindi, hasa mteremko wa Ruhija kwenda kinamasi cha Mubwindi, waachieni wenye magoti mazima. Kule ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, unashuka asubuhi na kupanda mchana, na kufika tu kutoka Kampala ni siku nzima garini.

Kituo kiwe Entebbe. Bustani ya mimea iliyoanzishwa 1898 iko pale kando ya ziwa, ardhi yake haina milima ya kukata pumzi, ina vivuli na unaweza kuketi. Mtu mwenye arithritisi anaweza kuizunguka asubuhi nzima bila kupanda chochote, na bado akawaona shorobo, hondohondo, tumbusi wa mawese na kasuku. Kutoka hapo unakwenda Mabamba na kurudi siku hiyo hiyo.

Sasa kliniki, na hili lifanywe miezi mitatu kabla, wala si wiki moja. Uganda hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na Kenya nayo hukidai kwa anayerudi kutoka huko. Vijana huchanjwa wakaondoka. Kwa mtu aliyefikisha miaka 60 na hajawahi kuchanjwa, hali ni tofauti: chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na madhara makubwa, ingawa ni nadra, huwapata wazee wanaoipokea kwa mara ya kwanza zaidi kuliko vijana. Ndiyo sababu huwezi kuipata dirishani kama unavyonunua Panadol. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, hasa zinazoshusha kinga ya mwili, na kama umewahi kuwa na ugonjwa wa tezi ya thaimasi (ile ya kifuani, si ya shingoni) au mzio wa mayai. Daktari akiona hatari ni kubwa kuliko faida, anaweza kukuandikia barua ya msamaha kwenye cheti, yenye mhuri. Ukichanjwa, cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi. Na kabla ya hayo yote, pekua makabati. Waliosafiri zamani wana kadi za manjano zilizoandikwa kwamba zinaisha baada ya miaka 10. Tangu Julai 2016 kadi hizo, hata zile kuukuu, hudumu maisha yote. Wapo wazee wanaotaka kuchanjwa tena bila haja, na kadi iko kwenye bahasha moja na hati ya shamba.

Daktari huyo huyo muulize kuhusu malaria. Mtu wa Nakuru, aliyeishi kwenye baridi ya karibu mita 1,850, hana kinga aliyonayo mtu wa Kisumu, na hata wa Kisumu asijidai. Dawa za kuzuia malaria ni tofauti tofauti: doksisaiklini hufanya ngozi iungue haraka juani, jambo baya kwa mtu atakayekaa mtumbwini, na meflokwini haiwafai wenye matatizo ya mapigo ya moyo. Msichague wenyewe kwenye duka la dawa.

Tukija kwenye macho, hapa tutakaa kidogo, kwa sababu darubini mbovu huharibu safari kuliko mvua.

Nambari mbili zilizoandikwa kwenye darubini, kwa mfano 8x42, maana yake inakuza mara nane na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Wazee wengi hukimbilia 10x au 12x wakidhani macho yakififia dawa ni kukuza zaidi. Ni kinyume. Darubini ya 10x hukuza pia mtetemeko wa mkono mara kumi, na mkono wa miaka 68 hutetemeka. Chukua 8x. Kisha gawa 42 kwa 8: unapata 5.25, upana wa duara la nuru linaloingia jichoni, kwa milimita. Mboni ya mzee haifunguki sana gizani kama ya kijana, kwa hiyo lenzi za milimita 50 ni uzito unaobebwa bure shingoni. Kama 8x42 yenye gramu 700 inakuumiza, 8x32 hupungua hadi gramu 500 hivi na mchana huioni tofauti. Utaipata alfajiri na ndani ya msitu tu. Anayevaa miwani aulize umbali wa jicho kutoka kwenye lenzi: ukiwa chini ya milimita 15, ataona kitundu katikati na giza pembeni. Vikombe vya mpira vya machoni vizungushwe vishuke chini kabisa kwa mwenye miwani, na vipande juu kwa asiyevaa.

Zile darubini ndogo zinazouzwa barabarani zikiwa zimeandikwa 30x60 au zaidi, zenye vioo vyekundu vya kung'aa, usiziguse. Nambari hizo ni za uongo, na rangi ile nyekundu huondoa nuru na kubadilisha rangi ya ndege. Dukani fanya majaribio mawili. Ishike darubini mbali na uso kwa urefu wa mkono, uielekeze dirishani, utazame vile viduara viwili vya nuru: viwe mviringo kamili. Vikionekana vimekatwa pembe, prizimu zake, vile vioo vya ndani, ni za bei ya chini. Halafu tazama waya wa stima ulio mbali kwa dakika nzima. Ukiona nyaya mbili, au ukihisi macho yanavutwa, mirija ya darubini haikulingana na utapata maumivu ya kichwa kabla ya saa nne asubuhi.

Kuipima kwa macho yako ni kazi ya dakika mbili ambayo wengi hawaifanyi kamwe. Funika lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, tazama maandishi yaliyo mbali kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati hadi yawe makali. Kisha funika kushoto, usiguse gurudumu la katikati, zungusha ile pete iliyo kwenye jicho la kulia hadi maandishi yawe makali tena. Andika mahali pete iliposimama, kwa sababu begini huwa inazunguka. Aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho asubiri wiki sita hivi hadi jicho litulie na miwani mpya ipatikane, ndipo aipime upya.

Tukiwa kwenye miwani: ile ya sehemu mbili, juu ya mbali na chini ya kusomea, huangusha wazee msituni. Ukitazama chini uone mzizi, unatazama kupitia sehemu ya kusomea, na mzizi unakuwa ukungu. Tengeneza miwani ya kutembelea yenye lenzi ya mbali pekee. Gharama yake ni ndogo kuliko nyonga iliyovunjika. Na ukanda wa shingoni badilisha kwa ule wa mabegani unaopita mgongoni, uzito uondoke kwenye pingili za shingo.

Masikio huibiwa polepole na mwenyewe hajui. Sauti nyembamba za juu ndizo hupotea kwanza, na sauti za chozi na za ndege wengi wadogo wa vichakani ziko huko huko juu. Mtu husema msitu umekuwa kimya siku hizi, kumbe msitu ni ule ule. Kapimwe. Kama unatumia kifaa cha kusikia, mwombe fundi akiwekee mpangilio usiokata sauti za juu, kwa sababu vingi huzichukulia kama makelele na kuzizima. Mwambie mwongozaji tangu mwanzo ni sikio gani zima, asimame upande huo. Programu ya bure ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell husaidia kutambua ndege kwa maelezo na picha. Pakua faili za Uganda ukiwa nyumbani kwenye waifai, pamoja na ramani, maana intaneti ya huko haina ahadi. Katika uchaguzi wa Januari 2021 ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Anayepanga kwenda Januari au Februari atazame kwanza kama ni mwaka wa uchaguzi.

Kuhusu miezi: Januari na Februari, au Juni hadi Agosti, mvua hupungua upande ule wa ziwa. Wiki ya Krismasi iepukwe kwa sababu ya msongamano wa mabasi na umati mpakani Busia na Malaba. Ndege wahamaji kutoka Ulaya wapo kuanzia Oktoba hadi Aprili, kwa hiyo katikati ya Januari hupata yote mawili.

Mazoezi yafanyiwe huku. Kwa watu wa Nakuru hili ni muhimu zaidi, na wasikasirike tukilisema. Ziwa Nakuru hutazamwa kutoka ndani ya gari, dirisha likiwa limeshushwa na chupa ya chai ikiwa kando. Mtu anaweza kuwa mtazamaji wa miaka mingi na hajatembea saa mbili mfululizo. Tena tangu maji ya ziwa lile yapande na chumvi kupungua, vijani ambavyo heroe hula vikapungua, heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko, na watazamaji nao wakazidi kukaa garini wakiwatafuta. Nendeni Kakamega asubuhi tatu tofauti, mkiwa na kila kitu mtakachobeba Uganda: darubini, maji lita moja na nusu, koti la mvua, kigoda cha kukunja, dawa. Tembeeni saa nne. Kinachouma siku ya tatu ndicho kitakachowasumbua safarini. Saiwa ina vijia vya mbao juu ya kinamasi na minara ya kutazamia, ni pazuri pa kujifunza kusimama bila kusogea mkimsubiri nzohe na ndege. Kisha panda mtumbwi Dunga kwa saa tatu. Hilo la mwisho lisirukwe. Tutaeleza kwa nini.

Barabarani hakuna mengi. Kitambulisho cha taifa kinatosha kwa Mkenya kuingia Uganda, ingawa pasipoti hurahisisha mambo ya hoteli na bima. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi 2018, hukugongea kutoka na kuingia katika jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Badilisha pesa kwenye ofisi, si kwa vijana wanaokimbilia basi na vibunda mkononi. Hesabu yao ni ya haraka kwa makusudi. Dola za zamani au noti ndogo ndogo hukataliwa au hupunguziwa thamani. Beba risiti ya darubini kama ni ya bei kubwa, usije ukadaiwa ushuru ukirudi nyumbani na mali yako mwenyewe. Safiri mchana na ulale Jinja badala ya kuunganisha hadi Kampala kwa basi la usiku. Saa nane za kuketi zinaweza kufanya damu igande miguuni, na aliyefika Kampala alfajiri akiwa amevimba vifundo hatazami ndege siku hiyo. Kwenye daraja na bwawa la Nile pale Jinja weka darubini na kamera begini kabisa. Askari wa pale hawana mzaha, na kumweleza kwamba unamtazama mdiria ni kazi ngumu.

Mabira iko kati ya Jinja na Kampala, ipitie asubuhi ukielekea Entebbe. Tatizo la msitu mrefu ni shingo. Kutazama juu wima kwa muda huleta kizunguzungu, zaidi kwa anayetumia dawa za presha au mwenye pingili zilizochakaa. Simama mbali na mti badala ya chini yake: mti wa mita 30 ukiutazama kutoka mita 30, kichwa huinuka nusu tu ya wima. Pembezoni mwa msitu na kwenye njia pana utaona ndege wengi kuliko ndani, na shingo haitalalamika.

Sasa Mabamba.

Kuna njia mbili kutoka Entebbe. Moja ni boti kutoka Nakiwogo, nyingine ni gari kwa barabara ya kupitia Kasanje. Boti hupendeza, lakini upepo wa ziwa huamka kadiri jua linavyopanda, na kurudi saa saba mchana mawimbi yanaweza kukulowesha hadi kiunoni. Kwa mzee aliye peke yake, gari ni bora, hata kama inachukua muda mrefu na vumbi lipo. Uondoke mapema ufike gatini kabla ya saa mbili asubuhi.

Mtumbwi wa pale ni wa mbao, mwembamba, una ubao wa kukalia ulio chini na hauna mahali pa kuegemea. Goti huwa juu kuliko nyonga kwa muda wote. Msako wa korongo-nyangumi waweza kuchukua saa moja au saa nne, kwa kuwa maji yakipungua mtumbwi husukumwa kwa upondo kwenye tope, na yakijaa visiwa vya mafunjo huelea na kuziba njia zilizokuwa wazi jana. Ndiyo maana tumesema Dunga isirukwe. Beba mto mdogo wa kukalia na, kama mgongo ni mbaya, omba kiti cha plastiki kilichokatwa miguu. Ukipanda, kanyaga katikati ya mtumbwi, shika kingo zote mbili, keti kabla mwongozaji hajaingia. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe na lifungwe vishikizo vyote, hata kama wenzako wamelikalia. Usitumbukize miguu majini, kichocho kipo.

Na kuhusu haja ndogo, jambo ambalo mawakala huona aibu kulitaja: ndani ya kinamasi hakuna nchi kavu. Wazee wengi hutatua hilo kwa kutokunywa maji, kisha saa tano jua likiwaka juu ya maji hupata kizunguzungu na safari inakatizwa. Wengine huacha vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo bila kumwambia daktari, jambo la hatari zaidi. Muulize daktari mapema kama siku ya kinamasi unaweza kumeza kidonge hicho mchana ukirudi. Tumia choo cha gatini dakika ya mwisho. Kunywa kidogo kidogo, usiache kabisa. Mwanamume abebe chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko. Mwanamke avae sketi pana au leso na akubaliane na mwongozaji kwamba mtumbwi utarudi akisema neno, bila maelezo.

Mwongozaji umchague wewe. Kabla ya kutuma malipo yoyote, muulize kwa maandishi: bei ni ya mtu au ya mtumbwi mzima, inajumuisha mpiga kasia, ada ya mahali na mafuta ya gari, na ni saa ngapi kabla ya kuongezewa. Mtumbwi huchukua abiria watatu hivi, na aliye peke yake hulipia viti vyote. Ukitaka kupunguza gharama, mwombe akuunganishe na wageni wengine, lakini ujue kwamba wao ndio watakaoamua saa ya kurudi. Kwa maoni yetu siku ya Mabamba ndiyo siku ya kulipia mtumbwi mzima, ubane kwingineko. Acha pia siku ya pili ya akiba, kwani mvua ya asubuhi moja inaweza kufuta kila kitu.

Waongozaji huelekeza kwa uso wa saa: mbele ya mtumbwi ni kumi na mbili, kulia ni tatu, kushoto ni tisa. Aliyezoea kuhesabu saa zetu hubaki akigeuza hesabu kichwani na ndege ameruka. Kubalianeni aelekeze kwa kulia na kushoto, karibu na mbali. Kiswahili hakitakufikisha mbali Buganda. Kiingereza kitatosha, na ukiongeza ssebo kwa mwanamume, nnyabo kwa mwanamke na webale kwa shukrani, utahudumiwa kama mgeni wa heshima.

Ukimwona korongo-nyangumi, hutamwona akifanya jambo. Husimama. Anaweza kusimama nusu saa nzima, macho majini, kisha akaanguka mbele kwa uzito wake wote na kuinuka na kamongo pamoja na fungu la majani. Viwiko viegemeze magotini ili darubini itulie. Wengi hupata hasara hapa kwa papara: humwahidi mpiga kasia pesa za ziada asogeze mtumbwi. Ndege akiinua kichwa, akikaza shingo na kuwageukia, mmekaribia mno. Mpiga kasia asimame. Akiruka, hupoteza windo lake na nyinyi mmepoteza asubuhi, na walio nyuma yenu pia. Zamani wavuvi wa pale waliamini kumwona huleta mkosi wa samaki na walimuua. Leo wavuvi hao hao na wana wao hulipwa kumlinda, kwa hiyo ada ya pale isikuume.

Kwa aliye peke yake kuna karatasi mbili za kuandika. Ya kwanza ibaki nyumbani: hoteli za kila usiku, nambari za waongozaji, na saa mbili kwa siku za kutuma ujumbe, tuseme kabla ya kuondoka asubuhi na baada ya chakula cha jioni. Iandikwe pia nyumbani watampigia nani ujumbe ukikosekana, na baada ya saa ngapi. Watoto wengi hukubali safari wakishaiona karatasi hiyo. Ya pili ikae pamoja na kadi ya manjano: magonjwa uliyonayo, majina ya dawa na vipimo vyake, mzio, mtu wa kupigiwa. Dawa zigawanywe mara mbili, nusu begi la mkononi na nusu begi kubwa, zikiwa kwenye pakiti zake, na za siku tano za ziada. Insulini isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa dakika kumi na tano. Ifungwe kwa kitambaa chenye maji, kivulini.

Kadi ya SHA, ile bima ya afya ya serikali ya Kenya, haitakulipia hospitali ya Kampala. Nunua bima ya safari na usome mistari midogo: kikomo cha umri, ambacho mara nyingi ni miaka 70 au 75, magonjwa ya zamani kama yamehesabiwa, na kama inalipia kusafirishwa kwa ndege. Presha ukiificha kwenye fomu, madai yako yanaweza kukataliwa hata kama ulivunjika mguu. Kabla ya kuondoka uliza pia kama kuna mlipuko wa ebola au Marburg, na mapango ya popo usiingie hata ukiambiwa ndani kuna bundi.

Ukirudi, homa yoyote, hata miezi kadhaa baadaye, ichukuliwe kuwa ya safari hadi ipimwe. Mwambie daktari umetoka Uganda, ulikaa kinamasini, na ulitumia au hukutumia dawa ya kuzuia malaria. Asipoambiwa, wa Nakuru atatibu mafua.

Wako,
Mwongoza watazamaji ndege,
Kisumu